Kocha au mshauri elekezi? Majibu ya maswali yenu

Maswali mengi mliyotuma safari hii yanahusu nani wa kumlipa pale kazi au biashara inapokwama. Kocha hapa ni mtu anayekusaidia kufikiri na kuamua mwenyewe; mshauri elekezi ni mtaalamu anayechunguza tatizo lako na kukuandikia la kufanya. Tumechagua matano.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Mauzo ni mazuri ila fedha hazionekani. Nitafute kocha?

Hapana, anza na mshauri elekezi. Jibu unalolihitaji limo kwenye daftari zako, na anahitajika mtu anayejua kulitafuta. Atahesabu mzigo uliopo stoo na kuulinganisha na ankara za manunuzi, atapitia madeni na miamala ya simu, kisha atakokotoa faida ya kila bidhaa. Tuseme mfuko wa saruji umeununua kwa shilingi 16,000, usafiri na upakuaji ni 700, nawe unauuza 17,000. Faida ni 300. Mfuko mmoja uliokopesha usipolipwa, itakubidi uuze mingine 56 ndipo ufidie hasara hiyo. Kocha hata awe hodari vipi, maswali yake hayataitoa hesabu hiyo kichwani mwako kama haimo.

Ila kama ripoti imeshakwambia usikopeshe, na shemeji akija bado unampa, usilipie ripoti ya pili. Unachopaswa kufanya unakijua na hukifanyi. Hapo sasa kocha ana kazi.

Nimepandishwa kuwa mkuu wa idara. Kila nikimwomba kocha aniambie la kufanya, ananirudishia swali. Nalipia nini hasa?

Hiyo ndiyo kazi yake, mradi aifanye kwa mpangilio. Anayewajua watumishi wako na bosi wako ni wewe. Yeye anakusaidia kufikiri mpaka ufikie uamuzi utakaousimamia. Kikao cha dakika 60 kianze na ahadi ya mara iliyopita: ilitekelezwa? Kama haikutekelezwa, nini kilizuia? Kisha mtaje lengo la siku hiyo, mchambue hali ilivyo, mtafute njia zaidi ya moja, mmalize kwa hatua yenye tarehe. "Nitaongea naye kuhusu kuchelewa" haitoshi. "Nitaongea naye Jumatano saa 3 asubuhi, nikiwa na rejista ya mahudhurio ya mwezi huu" inatosha. Vikao vitatu vikipita bila ahadi ya namna hiyo kuandikwa, mnapiga soga kwa bei ghali.

Kuna mahali kurudisha swali ni kosa. Ukimuuliza sheria inataka notisi ya muda gani kumwachisha mtu kazi, aseme wazi kwamba hilo ni la mwanasheria au ofisi ya rasilimali watu. Kukuuliza "wewe unaonaje?" hapo ni kukupotezea muda.

Mwajiri ndiye anayemlipa kocha wangu. Ataambiwa ninayosema?

Hapaswi kuambiwa, lakini msiliache hewani. Kabla ya kikao cha kwanza nyote watatu mkubaliane kwa maandishi: mwajiri ataelezwa malengo na mahudhurio tu, mazungumzo yanabaki kwenu wawili, isipokuwa pakiwa na hatari kwa maisha ya mtu au sheria ikilazimisha. Kwa mshauri ni kinyume kabisa: ripoti humwendea aliyemwajiri, kwa hiyo akija kukuhoji, jua unachosema kinaweza kuingia humo.

Mkataba wa mshauri uwe na nini?

Hadidu za rejea kwanza: tatizo, mipaka ya kazi, kitakachokabidhiwa na tarehe zake. Malipo yafuate kazi, kwa mfano asilimia 30 baada ya ripoti ya awali, 40 kwa rasimu na 30 ripoti ya mwisho ikikubaliwa. Andika pia kwamba utakabidhiwa majedwali yenye fomula zake. Wengi hupewa PDF tu, na bei zikibadilika hawawezi kurudia hesabu wenyewe.

Ugomvi mkubwa huzuka kwenye kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mlipaji huikata kwenye malipo na kuiwasilisha serikalini. Tanzania, ada ya huduma kwa mshauri mkazi hukatwa asilimia 5, hivyo kwenye ada ya 2,000,000 atapokea 1,900,000 pamoja na cheti cha zuio. Asiye mkazi hukatwa asilimia 15. Mkataba useme kama bei ni kabla ya makato au baada yake, na kama VAT imo.

Kocha anatakiwa awe na cheti?

Tanzania mhasibu ana bodi yake, NBAA, na mhandisi ana yake, ERB; kocha hana bodi ya kisheria ya namna hiyo, kwa hiyo yeyote anaweza kujiita kocha. Kipimo kinachotumika sana duniani ni ngazi za ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa mwaka 1995. Ngazi ya kwanza, ACC, hudai mafunzo ya saa 60 na saa 100 za kufanya kazi na wateja. Ya pili, PCC, saa 125 na 500. Ya juu kabisa, MCC, saa 200 na 2,500. Muulize yuko ngazi gani, na mteja akionyesha dalili za sonona humpeleka kwa nani. Akijibu kwamba humtibu mwenyewe, tafuta mwingine.