TB sugu: mdogo wako hadanganyi

Toka nigusie habari ya TB sugu, yaani kifua kikuu kinachogomea dawa za kawaida, maswali yamekuja mengi. Najibu haya matano, mengine yanafanana nayo.

Mdogo wangu kaambiwa ana TB sugu. Nyumbani wote wanamsema kwamba aliruka dozi, yeye anaapa hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha TB. Inawezekana kweli?

Inawezekana kabisa, na naomba mmuache kijana apumue. Usugu unaanzia kwa mtu ambaye matibabu yake yalikatika au yalikosewa, hilo kweli, ila ukishakuwepo unasafiri kwa hewa kama TB yoyote, anakohoa mmoja mwingine anavuta pumzi, na anachovuta ni mdudu ambaye tayari dawa hazimuwezi. Angalia yaliyotokea Tugela Ferry, huko kijijini KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Mwaka 2006 watafiti walitangaza wagonjwa 53 wenye TB sugu ya kupindukia, ile inayogomea hata dawa za akiba, 52 wakafariki, wengi ndani ya wiki chache tu toka makohozi yachukuliwe, na wote waliopimwa VVU walikutwa navyo. Sasa zaidi ya nusu ya hao watu walikuwa hawajawahi kutibiwa TB maishani mwao, na wengi walishalazwa hospitali kabla, ndo maana macho yakageukia wodi zenyewe, kwamba huenda waliambukizwa humo. Baadae mkoa huohuo wakafuatilia wagonjwa 404 wa TB sugu ya aina hiyo, majibu yakatoka 2017, asilimia 69 ilionekana waliambukizwa ikiwa sugu tayari. Kwahiyo ukimwona mgonjwa usianze na "uliacha dawa wewe", hujui kaitoa wapi, na hizi lawama ndo zinafanya watu wafiche kikohozi mpaka nyumba nzima inaugua.

Tutenge sahani na vikombe vya mgonjwa?

Hapana, kuleni nae. TB haipiti kwenye sahani wala kushikana mikono. Fungua madirisha, alale chumba chake kama kipo, avae barakoa akiwa na watu ndani mpaka kliniki waseme inatosha, na wote mnaoishi nae mkapimwe, watoto kwanza.

Nimesikia ni sindano miaka miwili na unakuwa kiziwi. Bora nisipime?

Ndugu yangu, pima. Ulichosikia kilikuwepo, Tanzania tulianza kutibu TB sugu 2009 pale hospitali ya Kibong'oto, Siha, Kilimanjaro, wagonjwa wakitoka kila kona ya nchi kwenda kulazwa huko mbali na watoto wao, sindano kila siku kwa miezi, vidonge lundo, na kweli wapo waliopoteza usikivu, inaniuma mpaka leo. Sasa hivi mambo mengine kabisa. Toka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya miezi 6 kwa wagonjwa wengi, bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, sindano hakuna. Sisemi ni rahisi, linezolidi inaweza kuleta ganzi miguuni, kupunguza damu, hata kusumbua macho, na moyo unapimwa mara kwa mara, kwahiyo ukisikia kitu kigeni sema mapema wakurekebishie, usiache kimyakimya.

Nina TB, nitajuaje kama ni sugu?

Uliza neno moja tu, makohozi yangu yamepita GeneXpert? Hiyo mashine inatoa jibu ndani ya masaa mawili, inaonyesha kama TB ipo na kama inagomea rifampisini, ile dawa inayofanya mkojo kuwa na rangi ya machungwa. Darubini inaona wadudu lakini usugu haiuoni, na wale panya wa Morogoro wanaonusa makohozi, nawapenda sana, nao wanajua TB ipo tu. Na kama umemeza miezi miwili vizuri na bado makohozi yana wadudu, usikubali kuambiwa endelea tu, omba upimwe usugu.

Kliniki kwetu wa kukohoa, wa presha na wajawazito tunakaa benchi moja, dirisha limefungwa kisa baridi. Ni sawa?

Sio sawa hata kidogo, na mimi nimekaa benchi la hivyo na mama yangu mwenye sukari, masaa matatu, kijana pembeni anakohoa hakuna hata aliyempa barakoa. Anayekohoa anatakiwa atolewe kwenye foleni, apewe barakoa, akasubirie nje kwenye hewa na ahudumiwe wa kwanza, haigharimu kitu. Mwambie nesi kwa upole, asipofanya nenda kwa mganga mfawidhi, na wakati unasubiri jibu simama ufungue hilo dirisha wewe mwenyewe.