Lipu imebanduka, na kaka anasema nimekula pesa

Mwanangu wa Mji Mkongwe,

Unaeleza kuwa nyumba aliyowaachia marehemu baba yenu inakarabatiwa kwa pesa anazotuma kaka yako kutoka Muscat, wewe ukiwa msimamizi. Kwamba paa na ngazi vimekamilika vizuri, lakini lipu ya saruji iliyopigwa kwenye kuta za chini imevimba na kubanduka kabla hata ya kupakwa rangi, na sasa kaka yako amesitisha kutuma pesa kwa madai kwamba umezila.

Nianze na ukuta, kwa sababu ndio shahidi wako. Kuta za nyumba za zamani za hapo kwenu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hufyonza maji ya ardhini na kuyatoa hewani polepole. Zikifunikwa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na lipu huachana na jiwe. Fundi aliyezoea matofali anaweza kuifanya kazi hiyo kwa uaminifu wote na bado ikaharibika. Bandua kipande kimoja, ukitazame upande wa ndani: ukikuta unga mweupe wenye ladha ya chumvi, mpigie kaka yako simu ya video papo hapo umwonyeshe.

Usikubali saruji nyingine ipigwe juu ya ile, hata kwa bei ya kutupa. Ibanduliwe yote, kuta ziachwe zikauke mpaka masika yapite, kisha ipigwe lipu ya chokaa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiriwa ishike kabla ya inayofuata, maana chokaa hukaza kwa kufyonza hewa ya ukaa na haikubali kuharakishwa. Kwa hiyo ahadi uliyompa mama, kwamba atarudi chumbani kwake kabla ya Idi, haitatimia, na ni vyema alisikie hilo leo kutoka kwako.

Umegusia pia, kama jambo dogo, kwamba fundi anataka kung'oa boriti mbili zilizooza juu ya jiko. Hilo si dogo hata kidogo. Beit al-Ajaib, jengo la hapo hapo Mji Mkongwe la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Boriti zisiguswe kabla dari halijawekewa mihimili ya kulishikilia na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe haijatoa kibali.

Kuhusu kaka yako, nitakuwa mkali kidogo. Umeandika kwamba hukuweka risiti kwa kuwa "kaka si mgeni". Lakini aliye mbali huona pesa zikitoka tu. Mchanga na ujira wa vibarua havioni. Kusanya ujumbe wa miamala ya simu, uandike kila kilichonunuliwa, na pasipo na risiti useme wazi kwamba haipo. Kuanzia sasa mafundi walipwe kwa hatua iliyokamilika, na pesa za vifaa kaka yako azitume moja kwa moja dukani. Hesabu ikishamfikia, kaka yako ana deni kwako kwa neno "umekula": mwambie bila kuzunguka akuombe radhi, mama akiwepo.