Vitafunio vya Kushika Mkononi Wakati wa Joto

Swali: Nitaandaa sherehe ya nje msimu wa joto. Nitengeneze vitafunio gani vyepesi ambavyo wageni wataweza kula wakiwa wamesimama, bila sahani wala uma?

Jibu: Tunga kwenye vijiti vipande vya tikiti maji, jibini na majani ya mnanaa, kila kipande kikiwa cha kutafunwa mara moja, kwa sababu kikubwa hudondosha maji kwenye nguo. Ukitumia matango, usiyatie chumvi mapema, kwani huyatoa maji na kuyalegeza. Jambo ninalokusihi usilipuuze ni joto lenyewe: vyakula vyenye nyama, mayai au jibini visikae nje kwa zaidi ya muda wa saa 2, na hewa ikipita nyuzi joto 32 za Selsiasi, saa 1 tu, kwa hiyo toa masinia madogo kwa zamu, mengine yakisubiri kwenye friji.