Maswali ya Wasomaji: Kamera ya Polisi wa Chuo Imesoma Namba ya Gari Langu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanafunzi walioko California na kwa wazazi wao huku nyumbani. Vyuo vingi kule vimefunga kamera zinazosoma namba za magari, nyingine kwenye nguzo za mageti, nyingine juu ya magari ya doria. Majibu yetu yanafuata sheria za California, isipokuwa pale tulipotaja kwingine.

Habari za kazi ndugu wahariri. Mwanangu anasoma chuo cha serikali California. Anasema kila akipita getini kamera inachukua namba ya gari lake, na hana kosa lolote. Hao polisi wa chuo ni polisi kweli au ni walinzi waliovalishwa sare? Na nani kawapa ruhusa hiyo? (Mama wa mwanafunzi, Arusha)

Shikamoo mama. Ni polisi kamili. Kifungu cha 830.2 cha Sheria ya Adhabu ya California kinawapa polisi wa Chuo Kikuu cha California na wenzao wa CSU (mfumo wa Vyuo Vikuu vya Jimbo la California) mamlaka ya askari wa dola: wana silaha, wanakamata, wanapeleka jalada kwa mwendesha mashtaka. Polisi wa Chuo Kikuu cha California eneo lao la kazi linavuka uzio wa chuo kwa maili moja, ndiyo maana mwanao anaweza kuwakuta hata mtaani anakopanga.

Kuhusu kamera, ni kweli haisubiri kosa. Inamulika kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, pleti inaurudisha mwanga huo, programu inageuza picha kuwa herufi na tarakimu, kisha inahifadhi namba, saa na mahali. Papo hapo inalinganisha namba hiyo na orodha ya magari yanayotafutwa. Kwa gari la mwanao jibu ni "hakuna". Lakini rekodi haifutiki kwa sababu jibu ni hakuna. Inabaki kwenye seva. Ukaguzi wa serikali ya California wa mwaka 2020 ulikuta kwamba polisi wa Los Angeles walikuwa na picha milioni 320, na asilimia 99.9 zilikuwa za magari ambayo hayakuwa kwenye orodha yoyote wakati yanapigwa picha. Kwa hiyo mama, ubishi mkubwa hauhusu wezi wa magari. Unahusu hayo magari mengine yote.

Sheria iitwayo SB 34, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2016, inakitaka chuo kiwe na sera iliyoandikwa na kuiweka waziwazi kwenye tovuti yake. Sera hiyo iseme kamera ni za kazi gani, wenye vyeo gani wanaruhusiwa kuzitumia na wamefundishwa nini, usahihi unahakikiwaje, nani msimamizi, na rekodi zinakaa muda gani kabla ya kufutwa. Tena, idara ya umma haianzi mradi kabla ya kuwapa watu nafasi ya kutoa maoni kwenye mkutano wa hadhara. Mwambie mwanao aitafute hiyo sera. Akikuta sentensi mbili tatu za "tunathamini faragha yako", chuo hakijatimiza sharti.

Usiku natoka maktaba na rafiki yangu, polisi wa chuo walitusimamisha mikono ikiwa kwenye bastola. Wakasema kamera imesoma gari langu kuwa la wizi. Baada ya dakika 20 wakatuachia, samahani moja tu. Je, walifuata utaratibu? (Mwanafunzi wa uhandisi, kusini mwa California)

Pole sana. Kwa maelezo yako, inaelekea waliruka hatua.

Kamera ikilia, askari ana kidokezo tu mkononi. Kwanza anatazama picha yenyewe kwenye skrini na kuilinganisha na namba iliyosomwa, herufi kwa herufi. Mashine huchanganya 3 na 7, 8 na B, 0 na O au D, hasa pleti ikiwa na matope, fremu ya muuza magari iliyofunika ukingo, au kamera ikiwa imeelekezwa upande mno. Pili anaangalia jimbo. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu namba ileile inaweza kutolewa na majimbo mawili tofauti. Tatu, aina na rangi ya gari: rekodi inasema pikapu ya kijivu, yeye yuko nyuma ya sedani nyekundu? Aache hapohapo. Nne, anamwita mhudumu wa redio athibitishe kwamba taarifa ya wizi bado ni hai kwenye NCIC, hifadhidata ya FBI. Nakala iliyomo kwenye kamera si ya moja kwa moja. Ile inayotoka FBI huhuishwa mara 2 kwa siku, kwa hiyo gari lililopatikana asubuhi na kurudishwa kwa mwenyewe linaweza kuendelea kulia hadi jioni. Idara iliyoandikisha wizi ikiulizwa kwa dharura inapaswa kujibu ndani ya dakika 10, na kwa maulizo ya kawaida ndani ya saa 1.

Yaliyowahi kutokea yanaonyesha kila hatua ina sababu yake. Mwaka 2009 San Francisco, kamera ilisoma 3 kuwa 7 usiku, picha ikiwa na ukungu, na mama mmoja akapigishwa magoti barabarani kwa mtutu wa bunduki. Gari lake lilikuwa Lexus, lililoibwa lilikuwa lori la GMC. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 9 ilisema mlio ambao haujathibitishwa peke yake hautoshi kuwa sababu ya kumsimamisha mtu. Kisa cha pili ni cha Aurora, Colorado, Agosti 2020: familia yenye watoto ililazwa kifudifudi kwenye lami ya maegesho. Namba ilikuwa sahihi kabisa. Ila kilichoibwa kilikuwa pikipiki, na ya jimbo la Montana.

Cha kufanya sasa: andika leo, kumbukumbu ikiwa mbichi, tarehe, saa, mahali na namba za vifua vya askari. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa idara ya polisi ya chuo, na uombe video za kamera za mwilini zisifutwe. Maneno "zisifutwe" yawemo kwenye barua yenyewe, maana video hizo nazo zina tarehe ya kufa.

Niko hapa kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Nasikia maafisa wa uhamiaji wanaweza kuuliza gari langu lilikuwa wapi na polisi wa chuo wakawapa. Ni kweli? (Msomaji, Bay Area)

Kwa sheria ya California, hapana. SB 34 inairuhusu idara ya umma kushirikisha rekodi hizi na idara nyingine ya umma tu, na maana ya "idara ya umma" katika sheria hiyo ni za jimbo la California na serikali zake za mitaa. Oktoba 2023 Mwanasheria Mkuu wa California alizikumbusha idara zote kwa waraka kwamba idara za majimbo mengine na za serikali ya shirikisho hazimo. Juu yake kuna SB 54 ya mwaka 2017, inayozuia polisi wa California kutumia nguvu kazi yao kwa shughuli za uhamiaji, na imetaja kwa jina polisi na idara za usalama za shule.

Hiyo ndiyo karatasi. Kwenye mfumo wenyewe, uvujaji hupitia milango miwili. Mmoja ni kitufe cha kushirikisha: siku ya kufunga kamera mtu anabonyeza kukubali mtandao wa nchi nzima, basi, idara za majimbo mengine zinapekua zenyewe bila kumuuliza mtu. Mwingine ni upekuzi wa hisani, yaani askari wa hapa anaingiza namba kwa niaba ya rafiki yake wa idara ya shirikisho.

Dawa ya yote mawili ni daftari la upekuzi. Sheria inataka kila upekuzi uache alama nne: tarehe na saa, namba au kitu kilichotafutwa, jina la mtumiaji pamoja na idara yake, na sababu. Mstari mzuri unasomeka hivi: saa 8:14 usiku, 7ABC123, jina la askari, wizi wa baiskeli ya umeme, namba ya jalada. Mstari mbovu una neno moja mahali pa sababu: "uchunguzi". Uchunguzi wa nini? Mkaguzi akikuta hilo neno linajirudia kurasa tatu, hana haja ya kwenda mbali. Serikali ya wanafunzi ikipata nafasi ya kukaa na mkuu wa polisi, iombe mambo mawili: sehemu ya sababu isikubali kupita bila namba ya jalada, na kila mwezi mtu asiye askari achague mistari 25 bila mpangilio na kuilinganisha na majalada.

Daftari hilo, mkataba wa kamera na orodha ya idara zinazoshirikishwa vinaweza kuombwa kwa Sheria ya Kumbukumbu za Umma. Chuo cha serikali kina siku 10 za kukujibu kama kitatoa au la, na kinaweza kujiongezea 14. Kinaweza kuficha sehemu, hasa namba za magari ya watu. Chuo binafsi hakibanwi na sheria hiyo, ingawa kinabanwa na SB 34 kwenye sera na daftari. Na mtu aliyeumizwa na matumizi haramu ya rekodi anaweza kumshtaki aliyefanya hivyo kwa kujua. Fidia haishuki chini ya dola 2,500, mbali na gharama za wakili.

Rekodi zinakaa siku ngapi? Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. (Msomaji, Minneapolis)

Kwa sababu kila jimbo lina lake. Kwako Minnesota ni siku 60 kwa rekodi isiyohusu kesi, na idara lazima ikaguliwe na mtu wa nje kila baada ya miaka 2. New Hampshire ni dakika 3. Si kosa la uchapaji. Maine ni siku 21, na Virginia pia ni 21 tangu Julai 2025. Georgia inaruhusu miezi 30. California, pamoja na ukali wake wote, iliwawekea kikomo cha siku 60 polisi wa barabara kuu pekee, na SB 34 ikamwachia kila mmoja aandike idadi yake kwenye sera. Ndiyo maana vyuo viwili vya mji mmoja vinaweza kutofautiana. Mikataba mingi ya Flock Safety, kampuni inayouza kamera hizi, huanza na siku 30. Sisi tunaona 30 zinatosha chuoni, maana aliyevunjiwa gari kwenye maegesho hupiga simu wiki hiyohiyo.

Kaka yangu aligombana na mtu kwenye mechi, chuo kikamfukuza eneo la chuo kwa siku kadhaa. Zimepita miezi mitatu, na bado akija kunichukua polisi wanamfuata. (Mwanafunzi, Sacramento)

Namba yake imesahauliwa kwenye orodha ya chuo chenyewe. Mbali na orodha za taifa, idara inaweza kujaza namba zake kwa mkono, na za kwa mkono hazijifuti mpaka mtu aweke tarehe ya mwisho. Amri ya kumzuia mtu kuingia chuoni, inayotolewa kwa kifungu cha 626.4 cha Sheria ya Adhabu, haizidi siku 14. Siku ya 15 namba haina haki ya kubaki pale. Kaka yako aandike kwa msimamizi wa mfumo, ambaye cheo chake kimo kwenye sera, aambatanishe nakala ya amri yenye tarehe, na aombe uthibitisho wa maandishi kwamba imeondolewa. Asiende kubishana na askari wa doria dirishani. Huyo hana uwezo wa kuifuta.

Nimepigwa faini ya maegesho mara mbili na kibali nimelipia! Gari nilinunua Arizona. (Msomaji, San Diego)

Unaingiza gari kinyumenyume, sivyo? Arizona hutoa pleti moja tu, ya nyuma. Siku hizi kibali ni namba ya gari lako kwenye kompyuta, si stika ya kiooni, na gari la ukaguzi likipita linaona bampa la mbele lisilo kitu. Vyuo vingi huandika kwenye masharti kwamba pua ya gari itazame ndani. Kata rufaa ukiwa na risiti ya kibali na picha ya pleti, na uhakikishe hukuandika O badala ya 0 wakati wa kusajili.

Tofautisha pia ofisi ya maegesho na polisi. Kibali chako ni rekodi ya mwanafunzi na kwa kawaida kinalindwa na FERPA, sheria ya shirikisho ya faragha ya wanafunzi. Rekodi zilizoundwa na kutunzwa na polisi wa chuo kwa kazi ya kipolisi hazimo kwenye ulinzi huo. Mahali ofisi hizo mbili zinapotumia mfumo mmoja, uliza nani ana ufunguo wa nini.

Nasimamia ulinzi kwenye chuo kimoja Kenya. Mkuu anataka kamera kama hizo getini kabla ya muhula mpya. Nianzie wapi? (Msomaji, Eldoret)

Anza na kalenda, ndugu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 31, inataka tathmini ya athari pale kazi inapoweza kuhatarisha haki za watu, na ripoti yake ifike kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kuanza. Muhula ukifunguliwa Septemba, ripoti iwe imeondoka mapema Julai. Data zikivuja na watu wakawa hatarini, una saa 72 za kumjulisha Kamishna.

Na kabla ya kulipia, mwambie muuzaji afunge kamera moja kwa wiki. Mlinzi akae chini yake na karatasi, aandike namba 100 kwa macho mchana na 100 usiku, mvua ikinyesha ndiyo vizuri zaidi, kisha mlinganishe na zilizosomwa na mashine. Usiku ndiko muuzaji asikopenda kupimwa.