Shujaa wako mkodishe, usimuuze

Wadogo zangu mnaoanza kuchora komiki, hasa nyinyi wa hapa Lamu na wenzenu wa Malindi mnaonitumia kurasa zenu kwa WhatsApp, swali lenu kila siku ni lile lile, kuna kampuni ya filamu imenipigia inamtaka shujaa wangu, nimpe ama nimnyime? Mimi nasema mpe, lakini umkodishe, na muda wa kurudi ujulikane, na ukikuta kwa mkataba wameandika "haki zote" ama "milele" usitie sahihi hata kama kodi ya nyumba inakudai.

Nasema hivi manake yalinikuta. Nilikua na shujaa wangu, kijana wa Langoni, mchana abeba boriti majahazini, usiku avaa barakoa na kuwaandama wanaonyang'anya wazee mashamba. Watoto walimpenda sana. Ikaja kampuni moja kutoka mbali wakanipa elfu arobaini na karatasi moja tu, nikasaini hapo hapo nimesimama uwanjani Mkunguni, sikumuonyesha mtu. Miaka sita ikapita hakuna filamu, hakuna hata picha moja iliyopigwa. Na kilichoniuma zaidi si zile pesa, ni siku nilipotaka kumchapisha kwa fulana niuze wakati wa Maulidi nikaambiwa siruhusiwi, ni mali yao. Kijana niliyemchora kwa mkono wangu mwenyewe! Nililia wallahi.

Baada ya hapo ndio nikaanza kusoma vile wakubwa wa Marekani walivyofanya, na hapo kuna masomo mengi kuliko mtu anavyodhani. Marvel, kampuni ya komiki ya huko, miaka ya tisini walikua hali mbaya, Disemba 1996 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kabla na baada ya hapo mashujaa wao walitawanyika kwa kampuni za filamu, X-Men wakaenda Fox, Spider-Man Sony, Hulk Universal. Wengi husema walikosea kuwatoa. Mimi sikubali, si kwa jumla. Wao wenyewe hawakua na pesa ya kutengeneza filamu, na ni X-Men ya 2000 na Spider-Man ya 2002, ambayo peke yake iliingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani, zilizoonyesha kwamba watu watajaza sinema kwa ajili ya hawa mashujaa. Kutoa halikua kosa. Masharti ndio yaliwabana, manake Sony mpaka leo yuko na Spider-Man, akiendelea kutengeneza filamu ndani ya muda waliopatana basi shujaa harudi, na ikabidi Marvel 2015 wakae nao chini wapatane ndio aweze kuonekana kwa filamu zao.

Sasa muangalie Daredevil, shujaa mwingine wa Marvel. Fox walitoa filamu yake 2003, wakachelewa kuanza nyingine, muda ukaisha, haki zikarudi Marvel bila ya kununuliwa. Hicho kipengele cha kurudi ndicho nakitaka kwa kila mkataba wenu. Lakini kiandikeni vizuri, manake kuna ile ya Fantastic Four, mashujaa wanne wa Marvel, waliokua na haki walikua wanafikiwa na muda mwisho wa 1992, wakaanza kupiga picha siku za mwisho za mwaka kwa bajeti ndogo sana, filamu ikamalizwa na haikuwahi kutolewa rasmi kwa sinema, na haki zikabaki kwao. Kwa hivyo usiandike "watengeneze filamu", andika filamu ionyeshwe kwa watu, wapi, na kabla ya tarehe gani.

Na ukiwa na uwezo wa kutengeneza mwenyewe? Tengeneza. Marvel 2005 walipata mkopo wa mpaka dola milioni 525 wakaweka rehani haki za filamu za mashujaa kumi, ikatoka Iron Man 2008, mwaka uliofuata Disney wakatangaza kuwanunua kwa kama dola bilioni nne. Lakini ile ni hatari kubwa, ingeanguka wangepoteza mashujaa wote kumi, na mimi na wewe hatuna benki ya kutukopesha hivyo.

Wale vijana wawili waliobuni Superman, Siegel na Shuster, 1938 walimuuza kwa dola 130. Mia na thelathini! Wao na jamaa zao wamehangaika mahakamani miaka na miaka. Hiyo hua nawasomea kila mwanafunzi wangu kabla hajashika penseli.

Kwetu hapa jambo hili si geni. Mwenye jahazi akimpa nahodha, wanapatana safari na mgao, na jahazi likirudi bandarini bado ni la mwenyewe. Fanyeni vivyo hivyo. Filamu peke yake, si fulana, si komiki, si michezo ya simu. Kenya peke yake kama ni kampuni ya Kenya. Sheria yetu ya hakimiliki inataka kumuhamishia mtu haki ama kumpa leseni ya peke yake, yaani asipewe mwingine, kuwe kwa maandishi yenye sahihi, na haki yako inaishi miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hivyo ukisaini "milele" umewasainia mpaka wajukuu. Kazi yako isajilishe KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kabla ya kuionyesha. Na mkimchora Liyongo, shujaa wa hadithi zetu za kale, na nawaomba mumchore, jueni Liyongo si wa mtu, wenu ni ule mchoro na kisa mlichotunga nyinyi, kwa hivyo asije mtu akawaandikia ameshika jina la Liyongo mukakubali.

Shujaa wangu wa pili, msichana wa Shela, nimemkodisha kwa vijana wa Malindi, miaka miwili, filamu moja, fulana ni zangu. Wameshapiga picha kule kwenye matuta ya mchanga wiki tatu. Juzi wamenipigia wataka waongezewe mwaka mmoja, nikawaambia njooni na mulichokipiga tukitazame pamoja kwanza, na mkataba wa zamani muje nao.