Mzazi anayevuta, kijana anayejaribu

*Navuta sigara tangu ujana. Nina haki gani ya kumkataza mwanangu wa miaka 14?*

Unayo haki, ndugu yangu, na uitumie. Mzazi anayevuta akinyamaza, kijana huchukua ukimya ule kuwa ruhusa. Usijifanye msafi mbele yake. Mweleze ulivyoanza, umejaribu kuacha mara ngapi, na unavyoipapasa pakiti asubuhi kabla hujanawa uso. Lakini sikufichi: watoto wa wavutaji huanza kuvuta kwa wingi kuliko wa wazazi wasiovuta, na maneno matupu hayaondoi hilo. Ukiacha, hatari inapungua, hasa mtoto akiwa bado mdogo. Wa miaka 14 pia anakutazama, kwa hiyo acha, na mwache aone unavyohangaika.

*Mimi navutia nje, watoto hawanioni. Haitoshi?*

Nje ni afadhali kuliko sebuleni. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na kufungua dirisha hakuumalizi. Ila kwamba hawakuoni, hapana. Mtoto anaijua harufu ya shati lako. Anajua ulitoka umenuna na umerudi umetulia, na hapo ndipo anapojifunza kwamba sigara ni dawa ya mawazo. Kumbe ulichotuliza, mara nyingi, ni ile arosto yenyewe, yaani kiu ya nikotini, kitu kilichomo kwenye tumbaku kinachomfunga mvutaji. Na tafadhali, usimtume kukununulia wala kukuwashia.

*Nimekuta kiberiti na sigara mbili kwenye mkoba wa binti yangu. Baba yake anataka kumchapa.*

Mama, mzuie. Fimbo itamfundisha kuficha vizuri zaidi. Ngojeni hasira ishuke, kisha mmuulize: alipewa na nani, amevuta mara ngapi, anaipenda kwa nini? Mwacheni amalize kusema, hata kama maneno yanawachoma. Baada ya hapo wekeni sharti moja lisilo na utata, na mlifuatilie, si wiki ya kwanza tu. Jambo lenyewe msilipuuze pia. Ubongo huendelea kukomaa mpaka miaka 25 hivi, na nikotini huunasa mapema. Wapo vijana wanaoonyesha dalili za uraibu kabla hawajafikia kuvuta kila siku. Akisema anashindwa kuacha, mwaminini na mmpeleke kwa mhudumu wa afya.

*Sigara ya kielektroniki si nafuu kwake?*

Kwa mtoto, hapana. Nyingi zina nikotini ileile.