Wakala wa AI anapochagua zana siyo

Ndugu, umeuliza kwa nini wakala wako wa AI (programu inayotumia modeli ya lugha kufanya kazi kwa zana, yaani vitendo ulivyompa) akiulizwa bei ya samaki pale soko la Deep Sea, Tanga, anakimbilia zana ya kuweka oda badala ya ile ya bei. Tatizo ni maelezo ya zana hizo. Modeli inayomwendesha wakala haioni msimbo wako. Inasoma jina la zana, maelezo yake na skima ya vigezo (orodha ya taarifa ambazo zana inahitaji na aina zake), basi. Maelezo kama “Hushughulikia samaki” yanafaa zana zote mbili! Kwa zana ya bei, andika: “Hurudisha bei ya kilo moja, kwa shilingi, kwa tarehe uliyotaja. Usiitumie kuagiza.” Tarehe onyesha muundo: 2025-03-14. Aina za samaki ziorodheshe mwenyewe, changu, kibua, jodari, la sivyo wakala atabuni zake. Na bei ikikosekana, zana iseme “hakuna bei”. Ikirudisha 0, wakala atamwambia mteja samaki ni bure.